Nguzo zilibaki majini

Jumamosi moja ya Januari 2024, kabla sijamaliza kupanga vifaa mezani, mpwa wangu aliingia dukani ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Alikuwa na miaka 12. Hakunisalimia, na huyu ni mtoto ambaye hata akiwa na homa shikamoo haikosi. Aliiweka simu mbele yangu akasema, "Anko, angalia daraja."

Kwenye kioo kulikuwa na maji, na ndani ya maji nguzo zimejipanga mstari mrefu kuelekea ng'ambo. Juu ya nguzo hakukuwa na kitu. Kingo hakuna, taa hakuna, barabara hakuna. Vipande vichache vya sakafu vilikuwa vinaning'inia hewani bila kushikwa na chochote, maana kwenye Minecraft, gemu ya kujenga dunia yako kwa matofali, tofali la jiwe halianguki hata ukiondoa la chini yake. Upande wa nchi kavu, pale tulipokuwa tumejenga kituo cha mabasi, lava ilikuwa inashuka taratibu kwenye ngazi.

Mimi ni fundi simu hapa Makoroboi, Mwanza. Tulikuwa sita tunaocheza Minecraft pamoja: mafundi wawili, dereva wa bajaji, mwanafunzi wa chuo, rafiki yangu mmoja wa Igoma, na huyu dogo. Tulikodi seva, yaani kompyuta inayoitunza dunia yetu ya gemu, nje ya nchi, wakubwa watano tukichanga shilingi 4,000 kila mwezi, dogo akiingia bure. Jioni duka likifungwa tunakaa kwenye benchi, kila mtu na simu yake, tunajenga Mwanza yetu. Tulianza na Jiwe la Bismarck, tukaja kwenye kivuko cha Kamanga, halafu vile vinyumba vya mlimani vilivyokaa juu ya mawe. Daraja lilikuwa wazo la dogo.

Wakati huo Daraja la Kigongo–Busisi, la kuvuka Ziwa Victoria, lilikuwa bado linajengwa, na kila aliyepita na kivuko kwenda Sengerema alikuwa anarudi na habari za nguzo. Dogo alipiga hesabu kwenye daftari. Tofali moja la Minecraft ni mita moja kila upande. Daraja lina urefu wa kilomita 3 hivi na upana wa mita 28 na ushee, kwa hiyo sakafu peke yake ingekula matofali 84,000. Tukakubaliana tulipunguze: urefu 1,000, upana 12. Bado ni matofali 12,000 bila kuhesabu nguzo. Na hatukucheza kwa ile hali ya kupewa vitu bure. Tulicheza ile ya kuhangaika, ambapo kila jiwe unalichimba mwenyewe. Sururu ya chuma inavunja mawe 250 kisha inakatika, kwa hiyo sakafu ile ilikula sururu 48, na chuma cha kila sururu kilichimbwa, kikayeyushwa. Tulianza Agosti. Ilikuwa miezi ya mgao wa umeme, tunachaji simu zote kwa zamu umeme ukirudi, na kuna siku nilizima feni ya duka ili betri ya dharura iwatoshe watu kumalizia kingo.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mtu wa kwanza kusikia habari yetu, dada yangu, alisema, "Ni gemu tu, mtajenga lingine." Hakuwa na nia mbaya. Lakini mtoto alikuwa amekaa mbele ya sahani ya ugali na dagaa, hajagusa, na neno lile lilimfunga mdomo siku nzima. Mtoto huyo huyo angekuwa ameshona mkeka kwa miezi mitano, halafu mtu akaja usiku akaukata vipande, hakuna ambaye angemwambia ni mkeka tu.

Aliyetuelewa ni mtu ambaye hajawahi kushika gemu. Jumapili tulikwenda Igombe kumsalimia baba mkubwa. Amevua maisha yake yote, kwanza dagaa kwa karabai, baadaye sangara, siku hizi miguu haimruhusu. Aliona uso wa mjukuu wake, akauliza kulikoni. Dogo akamweleza, na ajabu ni kwamba mzee hakuuliza gemu ni nini. Aliuliza, "Alichukua nini?"

"Hakuchukua kitu, babu."

"Hata kidogo?"

"Sanduku la almasi aliliacha. Alilifungua, akaliacha."

Baba mkubwa alikaa kimya, anasugua goti. Halafu akasema, "Basi huyo si mwizi."

Akatusimulia jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Ziwani wezi wapo, kila mvuvi anawajua. Wanavuta nyavu zako usiku na samaki wake, wanang'oa mashine ya mtumbwi, na yeye aliibiwa nyavu mara mbili na mashine mara moja. Lakini kuna alfajiri alifuata nyavu zake za sangara akakuta maboya yanaelea mahali pake, kamba ipo, na nyavu imekatwakatwa kwa kisu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Samaki walikuwa bado wamenasa kwenye vipande. Hakuna hata mmoja aliyechukuliwa. "Mwizi namwelewa," alisema, "ana njaa au ana tamaa. Yule wa kisu mpaka leo namuwaza."

Dogo akauliza, "Ulifanya nini, babu?"

"Nilirudi mwaloni nikakaa nikashona. Sikusema neno. Najua alikuwa pale pale mwaloni, anasubiri nilie."

Sisi tulikuwa tumeshalia tangu jana yake. Dogo aliandika kwenye grupu la WhatsApp la wachezaji wa gemu, ujumbe mrefu wa kusikitisha, na mimi nikaongeza matusi ambayo sikupaswa kuyaandika mbele ya watoto. Kwenye magofu, mharibifu alikuwa ametuachia vibao 11, vyote vina maneno yale yale: "Bhebhe, jenga tena." Tukajibu kwa vibao vyetu. Usiku uliofuata alirudi, akavunja kivuko cha Kamanga, akaandika, "Hahaha, andikeni tena." Tukaandika tena. Usiku wa tatu akaja kwenye vinyumba vya mlimani.

Vijana wanaita kuzingua. Wanaoifuatilia dunia ya gemu wana jina maalum kwa watu hawa, magrifa, yaani wale ambao mchezo wao ni kuuharibu mchezo wa wenzao. Nilisoma sana juu yao majuma yale, maana nilitaka kujua kisu kile kinatoka wapi. Si jambo jipya hata kidogo. Richard Bartle, Mwingereza ambaye pamoja na Roy Trubshaw alitengeneza MUD, mojawapo ya gemu za kwanza za watu wengi, katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wako wa aina nne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuchunguza, wanaokuja kupiga soga, na wale ambao raha yao ni kuwashughulikia wenzao. Hao wa mwisho aliwaita wauaji. Ultima Online ilipotoka mwaka 1997, wachezaji wapya walikuwa wanachinjwa mara tu wakitoka mjini, mpaka mwaka 2000 wenye gemu wakaigawa dunia yao mara mbili, upande mmoja ukiwa hautaruhusu mtu kukushambulia bila ridhaa yako. Wengine walilalamika kwamba gemu imekufa. Mimi nadhani walifanya vyema. Aliyetaka vita alibaki na upande wake.

Ila kilichonikaa rohoni ni tukio la mwaka 2006 kwenye World of Warcraft. Mchezaji mmoja alifariki, kifo cha kweli, na rafiki zake ambao hawakuweza kukutana kwa mwili wakakubaliana kukusanyika ndani ya gemu kumuaga. Wakatangaza mahali na saa. Kundi jingine likaja likawaua wote pale msibani, likarekodi video, likaisambaza. Na hadi leo kuna watu wanalitetea kundi lile kwa sababu sheria za seva ile ziliruhusu kuuana. Sisi huku mtu hata akiwa na ugomvi na wewe, ukifiwa anakuja kuinama kwenye turubai, anakaa kwenye jamvi, ugomvi unasubiri. Sikuwa najua, nilipokuwa nasoma habari hiyo, kwamba nami nilikuwa namfanyia mtu jambo la kufanana nalo.

Ni lile neno "bhebhe". Kwa Kisukuma ni wewe. Mharibifu alikuwa mtu wa hapa hapa, na kuanzia pale tukaacha kumtazama yeye, tukaanza kutazamana. Nani ana ugomvi na nani? Nani anajua masanduku yako wapi? Maana baruti aliyotumia ilitoka kwenye ghala letu wenyewe. Kuitengeneza unahitaji mchanga na unga wa baruti, na vyote tulivitunza sanduku moja, kwa ajili ya kupasulia miamba. Mimi nilimfikiria rafiki yangu wa Igoma. Desemba tulikuwa tumekwaruzana kuhusu mchango, nikamwambia kama hawezi kulipa aache kuvuta watu nyuma. Tangu siku hizo hakuwa anaonekana kwenye benchi. Nilipompigia hakupokea. Alinitumia ujumbe: "Nina matatizo nyumbani, nitakutafuta." Niliusoma mara mbili nikaona ni kisingizio.

Jumatano jioni, kwenye benchi, mbele ya wote, nikasema ni yeye. Sikusema nadhani. Nilisema ni yeye. Mmoja akauliza nina uhakika gani, nikaorodhesha sababu zangu, na zilipokaa pamoja zilionekana nzito. Mtu akamwandikia. Yeye hakujibu hoja hata moja, alitoka tu kwenye grupu.

Ushahidi ulikuwepo muda wote, na hili ndilo linaloniuma, maana kazi yangu ya kila siku ni kufungua vifaa vya watu na kutafuta tatizo kabla ya kulitaja. Seva yetu inaandika faili la kumbukumbu. Kila anayeingia, jina la akaunti yake linaandikwa na saa aliyoingia. Kila anayetoka, vilevile. Ijumaa usiku ndipo nikalifungua, na wala si kwa kumtafutia rafiki yangu haki, nilikuwa natafuta kingine. Kulikuwa na jina nisilolijua, herufi na tarakimu zimechanganywa. Liliingia usiku wa daraja saa 23:17. Seva ile inafuata saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu ni saa nane na dakika 17 usiku. Likaingia tena usiku wa kivuko, tena usiku wa mlimani. Nikarudi juu kwenye faili kutafuta jina la rafiki yangu. Mara ya mwisho kuingia ilikuwa siku tisa kabla ya daraja kuvunjwa.

Siku hizo zote alikuwa Ukerewe. Mama yake aliugua, akafariki, akazikwa huko. Jumatano ile nilipokuwa namtaja kwenye benchi, yeye alikuwa msibani, na simu ikilia ujumbe wa mtu anamwuliza kwa nini amevunja daraja la gemu.

Aliyefungua mlango alikuwa dogo, bila kujua. Mwanzoni mwa Januari alipiga picha ya daraja, akaituma kwenye lile grupu la wachezaji lenye watu zaidi ya 200, na chini yake akaandika anwani ya seva ili waje kuona. Alijivunia kazi yake. Na mimi ndiye niliyeiacha seva bila orodha ya wanaoruhusiwa, kwa hiyo yeyote mwenye anwani alikuwa anaingia. Alipogundua alilia sana. Nilimwambia kosa ni la mwenye funguo, na nilimaanisha.

Tuliyofanya baada ya hapo ni mambo madogo, na ningependa kila mwenye seva ya watoto ayafanye kabla hajakutana na mtu wa kisu. Niliwasha orodha, majina yetu tu. Nikaweka programu ndogo inayoandika nani ameweka au amevunja tofali lipi, na inayoweza kurudisha alichovunja mtu mmoja bila kugusa kazi za wengine. Nakala ya dunia yetu sasa inajihifadhi kila usiku. Ile ya mwisho niliyokuwa nayo siku ya janga ilikuwa ya wiki sita nyuma, imepitwa na wakati, haikutufaa. Ila la muhimu kuliko yote halikuwa la kompyuta. Tulikubaliana kupotezea. Hakuna kibao, hakuna ujumbe, hakuna picha ya magofu, hakuna hata kumtaja. Ilikuwa ngumu kwa dogo, lakini kila akitaka kuandika nilimkumbusha babu anavyoshona mwaloni. Siku ya tano, kwenye lile grupu la watu 200, namba nisiyoijua ikauliza: "Mbona kimya?"

Sikujibu. Haikuuliza tena.

Kupotezea kuna mwisho wake, na sitaki mtu anielewe vibaya. Kuna mteja wangu, binti wa chuo, anacheza PUBG Mobile na ana shabaha kuliko wengi ninaowajua. Kila akifungua maiki akasikika ni msichana, wenzake wa timu moja wanaacha maadui, wanamgeukia yeye. Wanamziba mlangoni kwa gari, wanamtupia mabomu, wengine wanamfuata hadi kwenye ujumbe binafsi na maneno ambayo siwezi kuyarudia. Ameambiwa apotezee mpaka amechoka. Sasa anacheza maiki imefungwa, kwa jina la kiume. Kwake kukaa kimya si dawa, ni sehemu ya kile alichonyang'anywa. Nilichomsaidia ni kupiga picha za kioo kila mara, kuripoti akaunti kwa kitufe kilichomo ndani ya gemu badala ya kugombana, na kumwambia kwamba vitisho vinavyomfuata nje ya gemu ni jambo la polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua. Aliniuliza kama polisi watamsikiliza mtu aliyekuja na habari ya gemu. Nilimwambia aanze na vitisho, gemu aitaje mwisho. Bado naliona jibu hilo halitoshi.

Daraja tulilijenga upya. Nguzo zilitusaidia. Kwenye Minecraft maji yanaumeza mlipuko wa baruti, kwa hiyo kila nguzo ilikuwa nzima kuanzia usawa wa ziwa kwenda chini, na kazi ya kupiga mbizi, ambayo ndiyo iliyokuwa ngumu, hatukuirudia. Tulimaliza sakafu kabla ya Pasaka.

Kwa rafiki yangu nilikwenda mwezi Februari, alipokuwa amesharudi Igoma. Nilikwenda na dereva wa bajaji, maana aliyetamkiwa maneno mbele ya watu hapaswi kuombwa radhi chumbani. Nilitoa pole ya msiba kwanza. Halafu nikasema nilichosema kwenye benchi, neno kwa neno, na kwamba kilikuwa uongo, na kwamba ningeweza kuujua ukweli kwa dakika kumi kama ningefungua faili kabla ya kufungua mdomo. Alisikiliza. Akasema amenisamehe, akatukaribisha chai, tukakaa hadi jioni tukizungumza habari za mama yake. Tulipokuwa tunaondoka nilimwambia daraja linakaribia kwisha, anakaribishwa. Akasema, "Sawa, kaka."

Daraja la kweli lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Majuma machache baadaye nilimpeleka dogo. Tulivuka kwa basi kwenda Sengerema, ameegemea dirisha, anahesabu nguzo kwa sauti mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka kumwangalia. Tuliporudi usiku ule alifungua seva kurekebisha kingo, maana alikuwa ameona tulizikosea.

Nilikaa naye nikapitia orodha ya wanaoruhusiwa, kama ninavyofanya kila mwezi. Majina ni sita. La rafiki yangu wa Igoma ni la tatu, na kwenye kumbukumbu tarehe yake ya mwisho kuingia ni ile ile, siku tisa kabla ya usiku wa kwanza. Nyumba yake ya kwenye gemu iko upande wa Busisi, karibu kabisa na maji, mlango umefungwa. Dogo aliniuliza kama tuisogeze, kwa sababu barabara ya kushukia darajani ingepita vizuri zaidi pale. Nikamwambia barabara aizungushe.